Mkono wa tela umepinda na mashua inavuja: uzito unapita wapi?

SWALI: Nina mashua ya mbao ya futi 28, mtindo wa Ssese, yenye mkuku (boriti ndefu ya chini, uti wa mgongo wa mashua), na mashine ya nguvu farasi 40. Naiegesha Masese, Jinja, na mara kadhaa kwa mwaka naivuta kwa pikapu hadi Katosi. Fundi alinitengenezea tela: fremu ya pembeni ni chuma cha U cha milimita 125, ekseli ni ya pikapu ya zamani, na mkono wa kuvutia ni bomba moja la mraba la 80 kwa 80, unene milimita 3. Mashua inalala juu ya mbao mbili ndefu, moja kila upande. Baada ya safari chache mkono umepinda pale unapoingia kwenye fremu, na mashua imeanza kuvuja kando ya mkuku. Fundi anataka kuchomelea chuma cha pembe cha urefu wa mita moja juu ya palipopinda. Je, kitatosha? Na kwa nini mashua ivuje ilhali haijagonga kitu?

JIBU: Hakitatosha, ndugu yangu, na usimlipe fundi kabla hujasoma hadi mwisho. Kiraka hicho kitashika safari mbili tatu, kisha chuma kitapinda au kupasuka tena, mara hii sentimita chache mbele au nyuma ya kiraka chenyewe. Mashua nayo itaendelea kuvuja, maana kiraka hakiigusi kabisa.

Hasara zako mbili zina chanzo kimoja. Uzito wa mashua una njia yake: hutoka kwenye mbao kwenda kwenye mataruma (mbavu za mashua), mataruma huushusha kwenye mkuku, mkuku huukabidhi kwa vyuma vya kukingama vya tela, kisha fremu, springi, ekseli na matairi. Sehemu ndogo huenda mbele kupitia mkono hadi kwenye pikapu. Tela yako imeikata njia hiyo mahali pawili: chini ya mkuku hakuna kitu, na pale mbele fremu nene inakabidhi kazi kwa bomba jembamba. Futi 28 ndicho kipimo cha chini kwa mashua za uvuvi katika Ziwa Viktoria upande wa Uganda, kwa hiyo hesabu zinazofuata zitawafaa wengi wenye mashua kama yako.

Tuanze na kuvuja. Mashua ikiwa majini, maji huibeba kila mahali kwa wakati mmoja. Ikipanda tela, maji hayapo, na vitu vichache vya kulalia vinabeba kila kitu. Mbao zako mbili za pembeni zinasukuma mbao za mashua kwenda juu, huku mkuku unaoning'inia katikati, pamoja na mashine, mafuta na nanga, unavuta kwenda chini. Kiungo kinachokaa kati ya nguvu hizo mbili ni ule mshono wa mkuku na ubao wa kwanza unaoukumbatia. Kila tuta barabarani linaufungua kidogo na kuufunga. Kalafati (nyuzi za kuzibia mishono) inalegea, misumari inapanua matundu yake, maji yanaingia.

Ondoa shaka moja kwanza, ili tusiisingizie tela. Mashua ya mbao ikikaa juani wiki kadhaa, mbao husinyaa na mishono hufunguka. Lakini ukavu hufungua mishono yote, ya juu na ya chini, tangu omo (mbele) hadi shetri (nyuma), na ukiirudisha majini siku moja mbili mbao hufura na kuvuja kunapungua. Kama kwako ni mshono wa kando ya mkuku tu, na hasa karibu na ncha za zile mbao za kulalia au karibu na shetri, basi kosa ni la tela.

Dawa ni kuubebesha mkuku uzito, na mbao za pembeni zibaki na kazi ya kuzuia mashua isilale ubavu. Mkuku wa mashua ya kipimo hiki una kama mita 7. Weka vyuma vya kukingama kila sentimita 80, vitatosha tisa, na juu ya kila kimoja weka rola ya mkuku. Tuchukue mashua ya kilo 850, mashine kilo 75, mafuta lita 60 ambayo ni kama kilo 45, nyavu na nanga kilo 80, na kilo 100 za maji yaliyonywewa na mbao. Jumla 1,150. (Yako ipime, mashua ya mbao iliyolowa humshangaza mwenyewe.) Ukigawa kwa rola tisa, kila moja inapata kama kilo 128. Chuma cha kukingama chenye upana wa mita 1.4, cha bomba 50 kwa 50 unene milimita 3, kinaumudu mzigo huo hata tuta likiuzidisha mara tatu. Vyuma hivyo vikunjwe au vikatwe na kuunganishwa kwa umbo la V lililo wazi, mkuku ukae chini na mbao za mashua zisiguse chuma. Chuma cha kukingama kilichonyooka kikikutana na mashua yenye tumbo la V, hukwaruza pande zote mbili kabla rola haijapata mzigo.

Kama mashua yenyewe imechoka, mimi ningependelea ubao wa mkuku kuliko rola: ubao mgumu wa milimita 150 kwa 50 unaolala juu ya vyuma vyote tisa, na rola mbili au tatu za nyuma tu kwa ajili ya kupandishia. Mashua huteleza kwa shida zaidi wakati wa kushusha, lakini uzito unaenea mahali pote badala ya kuchoma alama tisa. Kwa mashua mpya yenye mkuku imara, rola zinafaa.

Sasa shetri, maana hapa ndipo mafundi wengi hukosea hata wakiweka rola vizuri. Rola ya mwisho lazima iwe chini ya ubao wa shetri kabisa, ule unaobeba mashine. Isiwe nusu mita mbele yake. Kilo 75 za mashine zikining'inia nyuma ya kitu cha mwisho kinachobeba, kila mtikisiko unakunja shetri kwenda chini, na baada ya muda sehemu ya nyuma ya mashua inapoteza mnyooko wake. Mashua ya namna hiyo hukimbia vibaya majini, na mwenyewe huilaumu mashine. Chuma cha kukingama cha hapo nyuma kiwe na nguvu kuliko vingine: bomba la 80 kwa 40, unene 4, likiwa limesimama kwa ubavu wake mrefu. Mashine nayo isisafiri ikiwa imeinuliwa na kushikiliwa na kile kikomeo chake kidogo. Iwekee kigingi cha mbao, au kama ni nyepesi ivue uilaze ndani ya pikapu.

Utajuaje kwamba rola zote zinafanya kazi? Panda mashua kwenye tela, simama sehemu tambarare, kisha jaribu kuzungusha kila rola kwa mkono. Inayozunguka kirahisi haibebi kitu. Chukua karatasi ngumu uipitishe kati ya mkuku na rola. Ikipita bila kukwama, inua rola hiyo kwa vipande vya bati chini ya kishikio chake. Usinyanyue moja kupita kiasi, kwa sababu rola iliyo juu kuliko wenzake hubeba uzito wa tatu au wanne na kuuchimba mkuku. Halafu kuna kipimo cha uzi. Mashua ikiwa majini, tupu, funga uzi ulionyooka kutoka omo hadi shetri na upime urefu kutoka uzi hadi sakafuni katikati ya mashua. Ipandishe kwenye tela upime tena. Tofauti ya milimita mbili tatu si kitu. Ikifika sentimita moja, tela inaukunja mkuku, na unajua upande gani wa kurekebisha.

Mbao za pembeni zibaki, lakini zishushwe. Ziweke ziguse tu mashua ikiwa imelala wima juu ya mkuku, na zipite chini ya mataruma mengi iwezekanavyo. Ubao wa 100 kwa 50 unatosha, ukishikiliwa kila sentimita 80. Funika kwa kapeti, na pini zake zipigwe upande wa chini. Vipande vya tairi kuukuu vinavyopendwa na wengi sivipendi: mpira hung'ang'ania mbao zilizolowa hata mashua isiteleze, na nyuzi za chuma zilizo ndani ya tairi zikijitokeza zinakuwa msumeno.

Tuje kwenye mkono. Tela iliyotengenezwa hivi itakuwa na kama kilo 450, hivyo pamoja na mashua ni kilo 1,600. Ncha ya mkono inapaswa kuikandamiza pikapu kwa asilimia 7 hadi 10 ya hiyo. Tuchukue 8, yaani kilo 128. Kutoka ncha hadi mkono unapoingia kwenye fremu tuseme ni mita 2.2. Tuta, au shimo lililojaa maji usilolijua kina chake, huuzidisha mzigo huo. Kwa barabara zetu mimi huhesabu mara tatu. Bomba lako la 80 kwa 80 kwa 3 litapata mkazo wa kama megapaskali 360 (kipimo cha nguvu inayokikaza chuma). Chuma cha kawaida kinachouzwa madukani huanza kupinda kabisa, bila kurudi, kwenye megapaskali 235 hadi 250. Hata ukizidisha mara mbili tu unafika 241. Kwa maneno mengine bomba lako halikuwa na hitilafu yoyote. Liliombwa kazi isiyo yake. Tena hesabu hii inaamini kwamba unene ni milimita 3 kweli. Beba kalipa (kifaa cha kupimia unene) unapokwenda dukani, kwa maana bomba linaloitwa la 3 mara nyingi lina 2.5.

Kwa nini kiraka cha mita moja hakisaidii? Chuma kilichokwisha kupinda na kupashwa moto ili kinyooshwe hakina nguvu ya mwanzo. Na kiraka kinaleta mpaka mpya: ndani yake chuma ni kigumu, nje yake ni chepesi, na pale mpakani panakaa ule mshono wa kuchomelea uliokatiza bomba kwa upana. Mkazo hupenda sana mahali kama hapo. Ndiyo maana ukiona tela iliyopasuka, ufa huwa umeanzia mwisho wa kiraka, wala si katikati yake.

Likate bomba lote, weka mkono wa V. Mabomba mawili ya 80 kwa 80, unene 4, yatoke kwenye kichwa cha kuvutia, yafunguke hadi kila moja lifike kwenye chuma chake cha U cha pembeni, na yapite chini ya chuma hicho kwa sentimita 60 kabla ya kukoma. Mzigo uleule sasa unaleta megapaskali 140 hivi, na pembetatu hiyo inazuia pia mkono kuyumba kushoto na kulia unaporudi nyuma kwenye mteremko wa mwalo. Fundi achomelee kwa kufuata urefu wa chuma, asikatize upana wa bomba, na ncha za nyuma za mabomba azikate kwa mshazari ili ugumu upungue polepole. Akihitaji bamba la kuimarisha, alikate umbo la almasi. Bomba lolote linaloingia majini lizibwe kabisa au liachiwe matundu ya kutolea maji, moja kati ya hayo mawili. Kuziba nusunusu ndiyo njia ya haraka ya kulioza kwa ndani.

Ukinunua bomba la mstatili badala ya la mraba, lisimamishe. Bomba la 100 kwa 50 kwa 4 likisimama lina uwezo wa kukataa kupinda wa 29 kwa kipimo cha wahandisi (sentimita za ujazo). Likilala lina 19. Chuma kilekile, bei ileile.

Fremu yako ya U ya milimita 125 iache, inafaa iwapo unene wake ni kama milimita 6. Ila ijue sehemu yake ya hatari: si mbele, ni juu ya kishikio cha nyuma cha springi. Nyuma ya ekseli kuna zaidi ya mita 3 za mashua zinazoning'inia, na pale ndipo ubapa wa juu wa U unavutwa kwa nguvu kubwa kuliko popote kwenye tela. Mtu yeyote asitoboe tundu kwenye ubapa huo wala kukatiza mshono juu yake. Vyuma vya kukingama vilivyo karibu na hapo vifungwe kwa bolti za U, au vichomelewe kwenye ubavu wa U katikati ya kimo chake, ambako mkazo ni mdogo.

Baada ya hayo pima uzito wa ncha, usikisie. Mizani ya kupimia watu inatosha hata kama inaishia 120. Tafuta ubao mgumu. Upande mmoja uegemee bomba dogo lililo juu ya matofali, upande wa pili uegemee bomba jingine lililo juu ya mizani, mabomba hayo yakiachana sentimita 90. Soma mizani ubao ukiwa mtupu. Zuia matairi kwa mawe, hakikisha tela imelala sawa na inavyokaa ikiwa nyuma ya pikapu, kisha teremsha ncha ya mkono juu ya ubao, sentimita 30 kutoka bomba la matofali. Toa uzito wa ubao, zidisha kilichobaki mara 3. Ukipata chini ya kilo 80, tela itaanza kutikisa mkia kwenye mteremko, na tela inayotikisa mkia haitulizwi kwa kukanyaga breki za pikapu. Ukipita 160, pikapu inaketi nyuma na usukani unakuwa mwepesi. Rekebisha kwa ekseli: kutoka ncha hadi ekseli kukiwa mita 6, kuisogeza sentimita 10 mbele kunapunguza kama kilo 27, na nyuma kunaongeza kiasi hichohicho. Ndiyo sababu springi zifungwe kwa vishikio vyenye bolti, zisichomelewe kwenye fremu hadi upate kipimo. Tangi la mafuta nalo lina neno. Likiwa shetrini safari hii na omo safari ijayo, kipimo chako kimeharibika.

Kuhusu ekseli ya pikapu: inabeba, lakini tumbo la difu (gia za katikati ya ekseli) linaning'inia chini na ni uzito wa bure. Ekseli nzima ya chuma cha mraba cha milimita 50 ni bora kwa tela ya tani moja na nusu hadi mbili, na mafundi wa Katwe, Kampala, wanazitengeneza. Lililo kubwa zaidi ni springi. Springi za kubebea tani mbili na nusu chini ya mashua yako hazikunjiki, na springi isiyokunjika ni sawa na kutokuwa nayo: tuta lote linapanda hadi kwenye mkuku. Mashua ikipanda, springi zishuke angalau sentimita 4 hivi. Zisiposhuka, toa jani moja kila upande, upime tena. Kila tairi litabeba kama kilo 736, kwa hiyo tairi la gari dogo lenye alama ya mzigo 91, ambalo mwisho wake ni kilo 615, halifai. Tairi la 195R14C linatosha na linabaki na akiba. Breki usiziache. Ulaya tela yoyote inayozidi kilo 750 lazima iwe na breki zake, na yako imepita mara mbili.

Nguzo ya winchi nayo ina kazi watu wasiyoiona. Ukifunga breki kwa ghafla, mashua inataka kuendelea na safari: kwa breki ya nguvu ya wastani inaisukuma nguzo hiyo kama kilo 575. Iwekee mhimili wa mshazari upande wa mbele, unaoshuka hadi kwenye mkono. Kamba ya winchi ni ya kupandishia tu. Omo ifungwe kwa mnyororo wake, na shetri kwa mikanda miwili inayovuta chini na mbele. Mkanda unaopita juu ya katikati ya mashua usikazwe kwa nguvu zote, utazibana mbao za ubavuni na kufungua mishono uliyoitia kalafati jana.

Fedha zikiwa chache, mkono uende kwanza, kwa sababu ukikatika barabarani unaua watu. Rola na ubao wa mkuku zifuate kabla ya safari nyingine yoyote, na kalafati ndiyo ya mwisho: kuitia mapema ni kuitupa. Springi na matairi yanaweza kusubiri mwezi mmoja, mradi uende polepole.

Safari ya kwanza baada ya matengenezo, simama kilomita 50 mbele. Kaza nati za matairi na bolti za U, zote zitakuwa zimelegea kidogo. Gusa kila habu (kitovu cha gurudumu) kwa kiganja: joto la kawaida ni sawa, lakini ukishindwa kuacha mkono hapo, beringi imekazwa mno au haina grisi. Na ukifika Katosi usiizamishe tela papo hapo. Habu yenye moto ikikutana na maji baridi ya ziwa, hewa iliyo ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Subiri nusu saa ipoe, ndipo ushushe.